Posta, mapema au siku yenyewe: raia mpya wa Marekani apige vipi kura ya jimbo na ya mtaa

Shangazi yangu anaishi Aurora, Colorado. Mdogo wangu yuko Houston. Mimi niko Louisville, Kentucky. Sote watatu tumekula kiapo cha uraia na sote tunapiga kura, lakini ukituuliza tunapigaje utapata majibu matatu yasiyofanana. Shangazi hupigia mezani kwake, kikombe cha chai ya tangawizi pembeni. Mdogo wangu hupiga wiki moja au mbili kabla, akitoka kazini. Mimi mara mbili za kwanza nilipanga foleni siku yenyewe ya uchaguzi. Sasa nimeacha, na sababu nitaieleza.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tumezoea Tume moja: daftari moja la wapiga kura, siku moja, utaratibu mmoja kutoka pwani mpaka bara. Huku hakuna Tume ya namna hiyo. Kila jimbo lina sheria zake za uchaguzi, na kazi yenyewe ya kuandikisha watu, kuchapa karatasi na kuhesabu kura mara nyingi hufanywa na kaunti. Ndiyo maana ushauri wa ndugu yako wa jimbo jingine, hata akiwa na nia njema, unaweza kukukosesha kura yako. Shangazi aliwahi kuniambia, "Mwanangu, wewe subiri tu, karatasi itakuja na posta." Ningesubiri Louisville mpaka leo.

Kabla ya yote: una haki ya kupiga?

Hapa sitaki kuzunguka. Kura za urais na za Bunge la nchi ni za raia tu, miaka 18 na kuendelea, na kura za majimbo nazo ni za raia. Mwenye kadi ya kijani si raia. Aliyekuja kama mkimbizi na bado hajaapa, si raia. Tangu mwaka 1996 sheria ya nchi inamwadhibu asiye raia anayepiga kura katika uchaguzi wa kitaifa, na adhabu inaweza kufika mpaka kufukuzwa nchini.

Mtego wenyewe uko kwenye ofisi ya leseni za udereva. Tangu sheria ya mwaka 1993, katika majimbo mengi ukienda kuchukua leseni unaulizwa kama ungependa kuandikishwa kuwa mpiga kura. Mtu hajui Kiingereza vizuri, anaona karani anatabasamu, anaitikia "yes" kama alivyoitikia maswali yote yaliyotangulia, kisha anatia saini. Miaka baadaye anajaza fomu ya kuomba uraia, na fomu ile inauliza kama amewahi kujiandikisha au kupiga kura. Ukiwa bado hujaapa, jibu ni hapana, na karatasi usiyoielewa usiitie saini.

Kuna miji michache inayowaruhusu wasio raia kwenye kura za mji peke yake. Takoma Park, Maryland, imefanya hivyo tangu mwaka 1992. San Francisco inawaruhusu wazazi wasio raia kuchagua bodi ya shule. Hata ukiwa huko, zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kwanza.

Waliowahi kufungwa nao wana sheria tofauti kila jimbo. Maine na Vermont, mfungwa hupiga kura akiwa gerezani. Texas ni lazima umalize kifungo chote pamoja na muda wa uangalizi wa nje. Usimkatie mtu tamaa wala usimpe uhakika kabla ya kuangalia sheria ya mahali anapoishi.

Karatasi ina upande wa nyuma

Mara ya kwanza nilipopewa karatasi ya kura nilijaza vile viduara vya juu kwa kujiamini, kisha nikashuka. Jaji wa wilaya. Mjumbe wa bodi ya shule. Swali refu la kurekebisha katiba ya jimbo. Nikageuza, na nyuma kulikuwa na mengine. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu na nilitakiwa kuwahi shifti. Nikaacha wazi, nikaipitisha karatasi kwenye mashine, nikapewa stika yangu. Nilipofika kazini nikakumbuka kwamba bodi ile ya shule ndiyo inayoamua mambo ya mabasi yanayowapeleka wanangu shule.

Hilo ndilo jambo langu kubwa katika makala haya. Mambo ya jimbo na ya mtaa yako chini na nyuma ya karatasi: gavana, mwanasheria mkuu wa jimbo, wabunge wa jimbo, sherifu, mwendesha mashtaka, majaji, meya, madiwani, bodi ya shule. Watu hawa ndio wanaogusa kodi ya nyumba, polisi wa mtaani, shule na korti. Kwa hiyo unapolinganisha njia za kupiga kura, usiulize tu ipi ni rahisi. Uliza ipi itakupa nafasi ya kuisoma karatasi mpaka mwisho.

Uliza pia nani mwingine anapiga. Uchaguzi wa rais wa mwaka 2020 ulivuta karibu theluthi mbili ya wenye haki ya kupiga kura nchini. Mwaka 2022, ambapo majimbo 36 yalichagua magavana lakini rais hakuwa kwenye karatasi, hawakufika nusu. Ukishuka kwenye umeya na bodi za shule zinazochaguliwa peke yake, watu huwa wachache zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State walipochunguza kura za umeya katika miji 50, walikuta umri wa kati wa wapiga kura ni miaka 57. Wanaoamua ni wazee, waliokaa mtaani miaka mingi. Vijana, wapangaji na sisi wageni tuko kazini.

Na mahali penye watu wachache, kura moja ina uzito wake. Mwaka 2017, kwenye kiti kimoja cha bunge la jimbo la Virginia, Shelly Simonds na David Yancey walipata kura 11,608 kila mmoja. Sawasawa. Tarehe 4 Januari 2018, huko Richmond, majina yao yaliandikwa kwenye vipande viwili vya karatasi, kila kimoja kikatiwa kwenye kikopo cha filamu ya kamera, vikopo vikachanganywa ndani ya bakuli la kufinyanga. Likatolewa jina la Yancey, na chama chake kikabaki na wingi wa viti 51 kwa 49. Mtu mmoja tu aliyechoka na kazi, akalala, angetosha kubadilisha uongozi wa baraza zima. Hapa kwetu Kentucky, mwaka 2019 Andy Beshear aliupata ugavana kwa tofauti ya kura kama 5,000 hivi, katika kura zaidi ya milioni 1.4.

Kura ya posta, anavyopiga shangazi

Tangu sheria ya mwaka 2013, Colorado humtumia kila mpiga kura aliyeandikishwa karatasi yake nyumbani. Huombi. Inakuja kama majuma matatu kabla. Oregon ilitangulia kwa njia hii tangu miaka ya 1990 mwishoni, na Washington, Utah, Hawaii, California, Nevada na Vermont nazo huwatumia watu wote kwenye uchaguzi mkuu.

Faida yake nimeiona kwa macho. Nilikuwa nimemtembelea Oktoba. Bahasha ilifunguliwa Jumapili baada ya ibada, karatasi ikatandazwa juu ya kitambaa cha meza, binti yake akasoma kwa Kiingereza na kutafsiri, shangazi akauliza maswali. Pembeni walikuwa na kile kitabu cha buluu ambacho jimbo hutuma kwa kila nyumba yenye mpiga kura: kinaeleza kila pendekezo la sheria, hoja za wanaounga mkono na za wanaopinga, na tathmini ya majaji. Maana Colorado unaulizwa pia kama jaji fulani abaki au aondoke, ndiyo au hapana. Jaji mmoja aliwachukua dakika ishirini. Kwenye kituo chenye foleni nani angekupa dakika ishirini za jaji mmoja?

Kasoro zake ni tatu, na ya kwanza ndiyo inayotuumiza sisi zaidi. Saini. Bahasha ya nje ni lazima uitie saini, na saini hiyo inalinganishwa na iliyoko kwenye kumbukumbu zao. Shangazi alijifunza kuandika ukubwani. Kwenye leseni aliandika jina lote kwa herufi moja moja. Kwenye bahasha akaweka mkato wa haraka aliomwona mwanawe akiuweka. Ikaja taarifa kwamba saini hazifanani. Colorado inakupa siku 8 baada ya uchaguzi kurekebisha, na alirekebisha kwa simu kwa kutuma picha ya kitambulisho. Lakini angekuwa amehama nyumba, au taarifa ingechukuliwa kuwa tangazo la biashara na kutupwa, kura ingekufa kimya kimya. Chagua saini moja na uishi nayo.

Ya pili ni muda. Colorado bahasha lazima iwe imefika saa 1 jioni ya siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta wa jana yake haukusaidii. Likibaki juma moja, usiipeleke posta. Itumbukize kwenye sanduku la kura la kaunti, yale masanduku ya chuma yaliyosimikwa nje ya maktaba na ofisi za umma, usiku na mchana.

Ya tatu ni jamaa wa nyumbani. Karatasi ikiwa mezani, kila mtu ana maoni, na kuna akina mama ambao waume zao au watoto wao huwajazia. Kusaidiwa kusoma ni haki. Kuamuliwa si haki. Kituoni unasimama peke yako kwenye kibanda na hakuna anayekuona.

Ukiwa Texas au Kentucky, njia hii si ya kila mtu. Texas utapewa karatasi ya posta ukiwa na miaka 65 au zaidi, ukiwa mgonjwa au mlemavu, ukiwa nje ya kaunti wakati wote wa kupiga kura, au ukikaribia kujifungua, na wachache wengine. Tena uiombe mapema.

Kura ya mapema, kituoni

Hii ndiyo ya mdogo wangu, na sasa ni yangu.

Texas vituo vya mapema hufunguliwa kwa karibu majuma mawili. Katika kaunti ya Harris, iliko Houston, unaweza kupiga kwenye kituo chochote cha kaunti, kwa hiyo yeye huenda kile kilicho karibu na kazini. Kentucky tumepewa siku tatu tu: Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi kabla ya Jumanne ya uchaguzi. Siku tatu ni chache, lakini ile Jumamosi kwa mtu wa ghala ni neema.

Houston karatasi ni ndefu kupita maelezo, kwa sababu Texas huchagua majaji wake kwa majina na vyama, na kaunti ile ina korti nyingi. Zamani ungeweza kugusa chama kimoja kikajaza vyote. Tangu uchaguzi wa mwaka 2020 njia hiyo imefutwa, unapita jina kwa jina. Na simu hairuhusiwi karibu na vibanda vya kura. Mdogo wangu hakulijua hilo mara ya kwanza: majina yote aliyochagua yalikuwa kwenye simu, akaambiwa aizime. Karatasi uliyoandika kwa mkono inaruhusiwa. Siku hizi anaichapa karatasi ya mfano kutoka kwenye tovuti ya kaunti, anaipitia jioni mbili tatu na mkewe, anaingia nayo mfukoni. Kwa njia hiyo anapata meza ya shangazi na kibanda cha siri kwa pamoja, na ndiyo maana naipenda.

Kitambulisho Texas lazima kiwe na picha na kiwe kwenye orodha yao. Leseni ya udereva imo, pasipoti ya Marekani imo, na cheti cha uraia chenye picha nacho kimo, jambo ambalo raia wapya wengi hawalijui. Kitambulisho cha chuo hakimo. Kama huna kimojawapo kwa sababu ya msingi, kuna fomu ya kujaza ukiwa na bili ya umeme au barua ya benki. Usikubali kurudishwa nyumbani kabla ya kuiulizia.

Kingine kizuri cha kura ya mapema ni kwamba likitokea tatizo, jina halionekani au anwani ni ya zamani, una siku mbele yako za kulitatua. Jumanne saa 11 jioni hakuna siku mbele.

Siku yenyewe

Sisemi ni mbaya. Kuna watu wanaipenda kwa ile hali ya kusimama na majirani, na kuna wanaosubiri mpaka mwisho ili wasikie kila kitu kuhusu wagombea. Kentucky katiba yenyewe inakupa haki ya kuomba saa zisizopungua nne kutoka kazini kwenda kupiga kura, lakini uombe kabla, na mwajiri halazimiki kuzilipa. Vituo vyetu hufungwa saa 12 jioni, ambayo ni mapema mno kwa mtu wa shifti ya mchana. Ukiwa kwenye foleni muda ukiisha, usiondoke, utapiga.

Mahali ambapo siku yenyewe ina nguvu ni Minnesota. Kule unaweza kujiandikisha palepale kituoni na kupiga saa hiyohiyo, utaratibu uliopo tangu miaka ya 1970. Huna karatasi yenye anwani yako? Jirani aliyeandikishwa kwenye eneo hilohilo la kupigia kura anaweza kuapa kwamba unaishi hapo, na mtu mmoja anaweza kuwaapia hadi wanane. Rafiki yangu wa Brooklyn Park amewaapia wapangaji wenzake, na muda wa kwenda kupiga kura mwajiri anaulipa. Sishangai kwamba ni maeneo hayo yaliyomchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kwenda bunge la jimbo mwaka 2024. Mwaka huohuo kiti kingine cha bunge lile kiliamuliwa kwa tofauti isiyofika kura 20, na baraza likagawanyika 67 kwa 67.

Kinyume chake, Texas usipokuwa umejiandikisha siku 30 kabla, umechelewa. Kentucky nasi ni kama majuma manne. Colorado unaweza hata siku ya mwisho. Hapo unaona kwa nini nasema usimsikilize ndugu wa jimbo jingine.

Msaidizi na lugha

Sheria ya nchi inazilazimisha kaunti fulani kuchapa karatasi za kura kwa Kihispania, kwa lugha kadhaa za Asia na za wenyeji wa asili. Kiswahili hakimo, hata pale tulipo wengi. Lakini sheria ya haki za kupiga kura inampa asiyeweza kusoma karatasi haki ya kuingia na mtu anayemchagua mwenyewe: mwana, jirani, mtu wa kanisani au msikitini. Wasioruhusiwa ni mwajiri wako au wakala wake, na kiongozi au wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Haki hii ipo majimbo yote. Kwa mzee asiyejua Kiingereza na asiye na mtu nyumbani wa kumsomea, kura ya mapema na msaidizi ni bora kuliko posta, kwa sababu vituo huwa na watu wachache na hakuna anayewaharakisha.

Basi uchague ipi?

Ukiwa kwenye jimbo linalotuma karatasi kwa wote na nyumbani kuna wa kusoma naye, piga kwa posta, urudishe kwa sanduku. Ukihamahama au saini yako haijatulia, nenda kituoni hata kama karatasi imekuja. Ukiwa Texas, Kentucky au kwingine kwenye kura ya mapema, nenda mapema na karatasi yako ya mfano mkononi. Siku yenyewe iweke akiba: ya aliyehama nyumba karibuni huko Minnesota, au ya aliyepatwa na dharura.

Hayo yote ni ya Novemba. Mchujo, yaani kura ya kuchagua wagombea wa vyama, ni jambo jingine, na kwenye maeneo yenye chama kimoja kikubwa ndiko mshindi anakopatikana kweli. Texas huandikishwi kwa chama. Unachagua karatasi ya chama kimoja siku hiyo. Colorado asiye na chama hutumiwa karatasi za vyama vyote viwili, arudishe moja. Shangazi alitaka kuzijaza zote mbili kwa adabu, asimnyime mtu. Ukirudisha mbili, hakuna inayohesabiwa. Kentucky mchujo wa Mei ni wa wanachama walioandikwa hivyo kwenye daftari, na ukitaka kubadilisha chama ni lazima uwe umefanya hivyo kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Raia mpya anayejiandikisha kwa mara ya kwanza haguswi na tarehe hiyo, ila achague chama chake kwenye fomu akijua hivyo. Mimi nilikiacha kile kisanduku cha chama wazi siku ya kiapo, kwenye fomu niliyojazia juu ya goti huku watoto wakipunga bendera, na Mei yake nikafika kituoni nikakuta wagombea wa vyama hawamo kwenye karatasi niliyopewa.